Namna ya kuzuia malipo ya mzabuni bila kumdhulumu

Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye halmashauri moja ya huku kwetu kandokando ya ziwa, niliwekewa mezani faili la kikundi cha akina mama wapasua kokoto. Walikuwa wameleta tripu 18 za kujengea msingi, kila tripu shilingi 180,000, jumla shilingi 3,240,000. Tripu mbili zilikuwa na udongo mwingi. Hilo ni kweli, nilizishika kwa mkono wangu. Bosi wangu wa wakati ule akapita mlangoni akasema, "Hao wasilipwe kwanza." Hakuandika popote. Na mimi sikuandika. Nikafungua droo, nikaliweka faili, nikafunga.

Lilikaa humo miezi saba.

Aliyewahi kupanda milima ya Bugarika au Igogo, pale Mwanza, anawajua akina mama hawa. Wanakaa chini ya kivuli cha turubai, nyundo mkononi, jiwe limeshikiliwa na kipande cha mpira wa tairi ili lisiwarukie usoni, na rundo linakua ndoo kwa ndoo. Tripu moja ya lori ni siku nyingi za watu kadhaa. Mwenyekiti wao alikuwa akija ofisini akiwa na vumbi la mawe kwenye nyusi. "Mwangaluka, ng'wanone," ananisalimu kwa Kisukuma, anakaa kwenye benchi, anasubiri. Mara ya mwisho aliyokuja alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, kama kokoto zetu ni mbaya, tuambieni tuje tuzichukue. Kama ni nzuri, tulipeni. Hiki mlichokiweka katikati sisi hatukielewi."

Wakati huohuo kikundi kilikuwa na mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, na idara nyingine ya jengo lilelile ilikuwa inawadai marejesho kila mwezi.

Kasoro ilikuwa ya tripu mbili, yaani shilingi 360,000. Sisi tulizuia zote. Shilingi 2,880,000 tulizishikilia bila sababu yoyote ambayo mtu angeweza kuisoma kwenye karatasi.

Ninaandika haya kwa wadogo zangu maafisa ugavi, wahandisi na wahasibu wa halmashauri, na kwa wakuu wa shule na waganga wafawidhi ambao siku hizi wanasimamia ujenzi na manunuzi bila kuwa wamesomea kazi hiyo. Fedha ya umma lazima ilindwe, na kuna siku ni lazima uzuie malipo. Ila kuna namna yake.

Kuzuia, kukata na kukaa kimya

Ofisini tunayachanganya maneno haya, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Kuzuia maana yake fedha ni ya mzabuni lakini haitoki mpaka jambo fulani lifanyike. Jambo hilo likifanyika, fedha inarudi kwake. Kukata maana yake fedha hiyo haitarudi kwake: fidia ya ucheleweshaji inakatwa, malipo ya awali uliyompa mwanzoni yanakatwa kidogo kidogo mpaka yaishe, kodi ya zuio inakatwa na kupelekwa TRA. Licha ya jina lake, kodi ya zuio si adhabu wala haihusiani na ubora wa kazi. Anayeiuzia Serikali bidhaa anakatwa asilimia 2, anayetoa huduma asilimia 5, na unampa cheti chake ili akadai nafuu kwenye hesabu zake za kodi. Nimekuta wazabuni wanaolalamika kwamba "halmashauri imetuzuilia fedha" kumbe ni kodi tu na hakuna aliyewapa cheti. Kumpa cheti ni dakika tano.

Halafu kuna kukaa kimya. Kukaa kimya hakumo kwenye mkataba wowote niliowahi kuusoma. Faili liko kwenye droo, simu haipokelewi, mzabuni anaambiwa "mkubwa amesafiri". Kimya kinaacha nafasi, na nafasi hiyo kuna watu wanaijua. Mzabuni aliyekaa miezi bila jibu ndiye anayeanza kuuliza "kwani nifanyeje, bosi?" na wa kumjibu hakosekani. Rushwa nyingi nilizowahi kuzisikia kwenye malipo zilizaliwa ndani ya kimya cha namna hii. Ukimwandikia mtu barua inayosema fedha fulani imezuiwa kwa sababu fulani na itatoka likifanyika jambo fulani, umeondoa kitu cha kuuza.

Kwa hiyo, kabla hujafanya lolote, jiulize: hiki ninachotaka kufanya ni kuzuia au ni kukata? Na kifungu gani cha mkataba kinaniruhusu? Kama huna kifungu, huna zuio. Soma masharti ya jumla na masharti mahususi, yote mawili, kwa sababu mara nyingi asilimia na siku zimeandikwa kwenye masharti mahususi na watu wanaishia kwenye yale ya jumla.

Zuio zuri linaandaliwa kabla ya kazi kuanza

Hapa nitapita haraka. Mkataba uwe na: asilimia ya fedha ya matazamio (sehemu ya kila malipo inayoshikiliwa kwa ajili ya kasoro za baadaye) na lini inarudi, kiwango cha fidia ya ucheleweshaji kwa siku na kikomo chake, idadi ya siku za kulipa, na vipimo vya kila kitu kwa lugha inayopimika. "Bati imara" haipimiki. "Bati geji 28" inapimika. "Mbao nzuri" haipimiki. "Mbao kavu ya inchi 2 kwa 4 iliyotiwa dawa" inapimika. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na Kanuni zake za 2024 zimetupeleka kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na huko mkataba unaingia pamoja na viambatisho vyake. Usipakie kiambatisho kilichonakiliwa kutoka mradi mwingine. Nimeona mkataba wa matundu ya vyoo wenye vipimo vya nyumba ya mwalimu, na siku ya mgogoro hakuna aliyeweza kumzuia fundi hata shilingi moja.

Chukua sampuli. Kipande cha bati, kigae kimoja, dawati moja lililokubaliwa. Pande zote mbili zitie saini juu yake kwa kalamu isiyofutika, liwekwe stoo, lifungiwe.

Siku ya kukagua

Nitaeleza kazi moja kwa urefu, maana hapa ndipo zuio linapopata nguvu au linapokufa.

Ilikuwa vyumba viwili vya madarasa na ofisi, kwenye kijiji cha wavuvi ambako kuta za shule zinapigwa na upepo wa ziwa mwaka mzima. Mkandarasi alikuwa wa daraja la saba, kijana mwenye bidii, mkataba wa shilingi 62,000,000. Akaleta madai ya pili: shilingi 24,000,000 kwa kupaua, plasta na fremu za madirisha. Mhandisi alitaka twende wiki ijayo. Nikamwomba twende kesho yake, kwa sababu nilisikia mafundi wa dari wameshafika. Dari ikishapigwa, bati hulioni tena kwa chini.

Tukaingia darasani na tochi. Bati nyingi zina maandishi ya kiwandani upande wa chini, yakionyesha geji. Tukaanza kusoma mstari kwa mstari: 28, 28, 28. Tulipofika upande wa nyuma, ule usioonekana kutoka barabarani, maandishi yalikuwa yamesuguliwa kwenye bati kadhaa. Mwalimu mkuu akaleta ngazi. Mhandisi akapanda na maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, akapima kwenye ukingo wa bati, sehemu tatu kwa kila bati, na mimi nikawa naandika chini. Kumbuka kwamba namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 28 inacheza kwenye milimita 0.4 hivi, geji 30 kwenye 0.3. Tofauti hiyo huioni kwa macho. Upepo unaiona. Kwenye bati la rangi, rangi nayo ina unene wake, kwa hiyo tulipima pia sampuli iliyokuwa stoo tukalinganisha.

Kati ya bati 120, bati 46 zilikuwa geji 30.

Mkandarasi alikuwepo. Hili nalisisitiza: usikague peke yako. Mwite, na asipokuja andika kwamba aliitwa tarehe fulani na hakuja. Tulimpa maikromita ashike mwenyewe apime. Alipima mbili, akashuka, akasema, "Mama, duka liliishiwa, wakanichanganyia, mimi sikujua." Inawezekana alisema kweli. Siku hiyo sikuwa na haja ya kuamua kama ni mwongo. Niliandika: bati 46, upande wa nyuma, mistari mitatu ya chini, geji 30 badala ya 28, zimepimwa mbele ya fulani na fulani. Tukapiga picha kila bati likiwa na namba ya chaki. Wote tukasaini palepale, kwenye dawati la darasa la nne.

Ukaguzi wa bidhaa ni uleule kwa kiasi chake. Kamati ya ukaguzi na mapokezi inahesabu, inapima, inalinganisha na sampuli, inatenganisha. Kama madawati 200 yameletwa na 30 ni ya mbao mbichi, hati ya mapokezi iandikwe 170 yamepokelewa na 30 yamekataliwa, sababu ni hii. Usiandike 200 "kwa masharti". Ukishasaini 200 kwenye leja, umejifunga mwenyewe.

Hesabu: zuia sehemu yenye kasoro tu

Kesho yake ofisini kulikuwa na maoni matatu. Mmoja akasema tuzuie madai yote ili akili imkae sawa. Mwingine akasema tulipe yote, fedha ya matazamio itatosha kurekebisha. Wa tatu, mhasibu wetu, akanyamaza akafungua mchanganuo wa kazi na bei, ile BOQ, akaanza kupiga hesabu. Huyo ndiye aliyekuwa sahihi.

Bati moja kwenye mchanganuo lilikuwa shilingi 42,000. Bati 46 ni shilingi 1,932,000. Kazi ya kuzishusha na kupandisha nyingine mhandisi aliikadiria shilingi 5,000 kwa bati, jumla 230,000. Zuio letu likawa shilingi 2,162,000. Kwenye 24,000,000 zikabaki 21,838,000 ambazo hakuna mtu aliyekuwa anazibishania. Hapo tukatoa fedha ya matazamio ya mkataba, asilimia 10, shilingi 2,183,800. Zikabaki 19,654,200, kabla ya mhasibu kukata kodi, na hizo zikaingia kwenye mchakato wa malipo wiki ileile.

Kwa nini nisizuie zote? Kwa sababu plasta ilikuwa nzuri. Fremu zilikuwa nzuri. Vibarua waliopiga plasta ile walikuwa wa kijijini hapo, na mkandarasi alikuwa anawalipa kila Jumamosi kwa fedha aliyoikopa. Ukimzuilia 24,000,000 kwa kasoro ya milioni mbili, anasimamisha kazi, vibarua wanaondoka, saruji inaganda stoo, na watoto wanaendelea kusomea chini ya mwembe. Halafu sheria nayo haiko upande wako: mikataba mingi ya ujenzi inampa mwajiri siku 28 za kulipa tangu hati ya malipo iidhinishwe, na siku zikipita riba inaanza kuhesabiwa. Riba hiyo inalipwa na mwananchi. Mkaguzi Mkuu akija ataiandika, na ataandika jina la cheo chako.

Kwa nini basi tusingoje fedha ya matazamio? Kwa sababu hiyo ni ya kasoro zitakazojitokeza baada ya jengo kukabidhiwa. Ukiitumia kufunika kasoro unayoijua leo, siku ukuta utakapopasuka hutakuwa na kitu mkononi.

Barua

Barua iende haraka. Mimi nimejiwekea siku tatu za kazi tangu ukaguzi. Ipitie kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kwa sababu mkataba ni wake, si wako, na nakala ipakiwe kwenye kumbukumbu za mkataba. Tuliandika hivi, na unaweza kuichukua ukabadilisha namba:

*Yah: Kuzuia sehemu ya malipo ya hati ya madai namba 2*

*Kichwa cha habari hapo juu chahusika.*

*Tumepokea madai yako ya shilingi 24,000,000. Katika ukaguzi wa pamoja uliofanyika eneo la mradi, na ambao wewe ulishiriki na kusaini, ilibainika kuwa bati 46 kati ya 120 ni geji 30 badala ya geji 28 iliyo kwenye mkataba.*

*Kwa mujibu wa kifungu cha mkataba kinachohusu kasoro, shilingi 2,162,000 zimezuiwa kwa mchanganuo ulioambatishwa. Kiasi kilichobaki kinaendelea kulipwa kwa utaratibu wa kawaida.*

*Unatakiwa kubadilisha bati hizo ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Ukikamilisha, utujulishe kwa maandishi, nasi tutakagua ndani ya siku tatu za kazi. Kiasi kilichozuiwa kitaingizwa kwenye malipo mara baada ya ukaguzi kuthibitisha marekebisho.*

*Kama hukubaliani na uamuzi huu, unaweza kuwasilisha pingamizi lako kwa maandishi kwa mujibu wa kifungu cha usuluhishi wa migogoro.*

Kwenye barua yenyewe taja namba ya kifungu. Hapa nimeiacha kwa sababu mkataba wako una namba zake. Angalia kwamba barua inambana pia aliyeiandika: siku 14 ni zake, siku tatu ni zetu. Barua inayompa mzabuni tarehe bila kujipa tarehe ni nusu ya barua.

Na mpelekee mkononi, asaini kitabu cha kupokelea. Baada ya hapo mpigie simu. Simu haichukui nafasi ya barua, lakini mtu anayepata habari ya fedha yake kuzuiwa anastahili kuisikia kwa sauti ya binadamu. "Mdogo wangu, barua inakuja, usishtuke, milioni kumi na tisa na ushee zinatoka, hizi mbili badilisha bati uje uzichukue." Alishukuru.

Kuchelewa, na ziwa

Fidia ya ucheleweshaji ndiyo inayokatwa vibaya kuliko zote, kwa sababu inaonekana rahisi: hesabu siku, zidisha. Kwenye mkataba ule wa 62,000,000 kiwango kilikuwa asilimia 0.1 kwa siku, yaani shilingi 62,000. Mkandarasi alichelewa siku 14. Shilingi 868,000, basi?

Bado. Kwanza angalia kama kuna siku alizostahili kuongezewa. Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya darasani havikulifikiria. Saruji, nondo na bati za visiwani zinavuka maji. Watu wa Sengerema wamepata unafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Sasa mtu akiniambia alikwama kwenye foleni ya kivuko pale, simsikilizi. Lakini Ukerewe na visiwa vinavyoizunguka bado ni maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, boti ya mizigo haipaswi kutoka, na afisa wa Serikali hapaswi kumwandikia mtu barua ya kumharakisha siku hiyo. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na huku hakuna asiyemjua mtu aliyefiwa. Sitamkata mtu 62,000 kwa siku aliyokataa kuhatarisha mabaharia.

Kwa hiyo tulimwomba alete uthibitisho: tahadhari za hali ya hewa, barua yake ya kuomba muda aliyoiandika wakati ule, kumbukumbu ya gati. Siku sita zikathibitika. Zikabaki nane, shilingi 496,000, tukazikata, naye akasaini. Kama asingeomba muda kwa maandishi wakati ule tungekuwa na mjadala mgumu zaidi, na hapa nawaambia wakandarasi: andika barua siku dhoruba inapopiga, usingoje siku ya kukatwa.

Angalia pia kikomo. Mikataba mingi inaweka kiwango cha juu cha fidia, na ukikifikia hukati tena. Swali linageuka kuwa kama mkataba uvunjwe. Na kama ucheleweshaji ulitokana na ofisi yako mwenyewe, mathalani uliichelewesha hati yake ya kwanza miezi miwili, usithubutu kukata. Anza kwa kujikagua wewe.

Mwezi wa sita

Kuanzia katikati ya mwezi wa tano, kila mtu halmashauri anaanza kuhesabu siku. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na fedha ambayo haijatumika iko hatarini kurudi. Hapo zuio lako linapata maadui wapya. Walewale waliokuwa wanasema "asilipwe" sasa wanakuja na "mlipeni tu amalizie mwezi wa saba, tusipoteze fedha".

Usisaini. Nalisema kwa uzito wote nilionao. Hati inayosema kazi imefanyika wakati haijafanyika ni uongo wenye saini yako, na mzabuni akishalipwa yote, simu yake ya mwezi wa saba haitaita. Nimeona jengo la zahanati lililolipwa kamili tarehe 28 Juni likiwa halina milango; popo wakaingia kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Kinachosaidia ni kuanza mapema. Mwezi wa nne pitia kila mkataba ulio wazi, andika upi una zuio, shilingi ngapi, linasubiri nini. Ile inayoweza kumalizika kabla ya Juni isukume kwa nguvu zote, na upande wako ukague siku hiyohiyo unayoitwa. Fedha ya matazamio iliyokatwa kihalali mweka hazina aihamishie kwenye akaunti ya amana ili isipotee na mwaka. Hiyo si fedha ya halmashauri kununulia mafuta ya magari. Kwa ile isiyoweza kukamilika, afisa masuuli aombe mapema kuivusha kwa utaratibu wa bajeti, akiambatisha mkataba na barua zako. Barua zenye tarehe ndizo zinazoonyesha kwamba fedha ilibaki kwa sababu ulikuwa unailinda.

Kama ni wewe uliyezuiliwa

Mzabuni, fundi, kikundi: omba sababu kwa maandishi, na uombe kwa maandishi. Taja namba ya hati yako ya madai, tarehe uliyoiwasilisha, na siku ambazo mkataba unasema ulipaswa kulipwa. Hakikisha risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na ankara yako vinalingana hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo mafaili mengi yanakwama bila mtu kukuambia. Nenda kwa msimamizi wa mkataba kwanza, halafu kwa afisa masuuli, halafu kwenye utaratibu wa usuluhishi ulioandikwa mkatabani. Kumshtaki mwajiri wa Serikali mahakamani kunahitaji notisi ya siku 90, kwa hiyo usiifanye kuwa hatua ya kwanza. Mtu akikudokeza kwamba kuna kitu kidogo kitakachofungua droo, TAKUKURU wana ofisi mkoani na wilayani.

Na kwa vikundi hasa: sheria inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mnapopata kazi hiyo hamjapewa msaada. Mna mkataba, na mkataba una siku za kulipa.

Kuachia

Kijana wa bati alimaliza siku ya tisa. Alileta bati 46 mpya, akatupigia kabla hajaziinua juu, tukapima zikiwa chini, kisha tukarudi kupima zikiwa zimepigwa. Niliandika barua ya kuachia zuio mchana uleule: tarehe ya barua ya zuio, tarehe ya marekebisho, kiasi kinachoachiwa. Katika hiyo 2,162,000 alikatwa matazamio yake ya asilimia 10 kama kawaida na nyingine ikaingia kwenye malipo. Zuio lisilo na barua ya kuachia hubaki kwenye vitabu kama mzimu, na mkaguzi atalikuta miaka miwili baadaye akuulize fedha iko wapi.

Fedha ya matazamio nayo ina tarehe zake. Kwenye mikataba mingi nusu inarudi kazi inapokabidhiwa, na nusu ya pili kipindi cha matazamio kikiisha na kasoro zikiwa zimerekebishwa. Usisubiri mkandarasi aje kuomba. Wengi wadogo hawajui kwamba wanaweza kuomba, na wengine wanaona haya.

Kwenye ukuta wa ofisi yangu, pembeni ya dirisha linalotazama ziwa, nina kalenda kubwa ya karatasi. Kila jengo linapokabidhiwa naandika kwa kalamu nyekundu siku matazamio yake yatakapoisha, na wiki mbili kabla yake naandika "kagua". Mwezi huu kuna tarehe mbili nyekundu. Moja ni ya madarasa yale ya bati. Jumanne naenda na mhandisi, na nimeshamwambia mwalimu mkuu aandae ngazi.